Wimbo Ukishuka Mlima: Singo Inavyotengenezwa, Inavyotoka na Inavyopotea

Mhadhara kwa vijana, walimu na wapenzi wa muziki, Lushoto



Nimeombwa nieleze jinsi singo moja ya muziki wa kuchezeka inavyotengenezwa na inavyotolewa. Anayeuliza swali hilo mara nyingi hutaka kusikia habari za studio: maikrofoni gani, kompyuta gani, prodyuza gani. Nitayagusa hayo, lakini sitakaa huko. Wimbo huzaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ni pale sauti inaponaswa. Mara ya pili ni pale watu wanapoandikiana nani mwenye nini. Sisi wa mkoa wa Tanga, wa pwani na wa milimani, tumekuwa hodari sana katika kuzaliwa kwa kwanza. Katika kuzaliwa kwa pili tumekuwa tukiwaachia wengine, kisha tunalalamika. Hoja yangu ya leo ni kwamba wimbo unapotoka ndipo umiliki wake unapoamuliwa, na kwamba kila zama ya biashara ya muziki imebadilisha maana ya singo bila kubadilisha swali la nani mwenye wimbo.

Mikono minne

Kabla ya historia, tuufungue wimbo wenyewe tuone ndani yake mna nani. Yupo mtunzi, aliyeleta maneno na melodi. Wapo waimbaji na wapigaji. Yupo mtayarishaji, ambaye kwa lugha ya mtaani tunamwita prodyuza, anayepanga mdundo na kuisimamia rekodi. Na yupo msambazaji, anayeifikisha kwa msikilizaji. Wakati mwingine mtu mmoja ana mikono yote minne. Mara nyingi sivyo.

Mali zilizomo ndani ya wimbo ni mbili, na hapa ndipo vijana wengi hupotea. Kuna utunzi, na kuna rekodi, yaani ile masta. Bendi ikipiga harusini wimbo wa zamani wa bendi ya Simba Wanyika, imetumia utunzi tu. Hakuna rekodi ya mtu iliyochezwa. DJ akiupiga wimbo huohuo kwenye spika zake, ametumia vyote viwili, utunzi na rekodi. Mtunzi anaweza kuwa mwenye utunzi huku masta ikiwa ya kampuni. Mwimbaji ambaye sura yake iko kwenye kila bango anaweza kuwa hana hata kimoja. Hilo si jambo la ajabu, wala si lazima liwe dhuluma. Dhuluma ni pale mtu anapokuwa hajui kwamba hana.

Wenzetu wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambao tuna bahati ya kuwa nao katika mji huu mdogo, wanaijua sheria kuliko mimi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, humlinda mtunzi tangu kazi inapotengenezwa, hata kabla hajaisajili popote, na kwa sheria hiyo ulinzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wimbo ni mali ya kurithisha. Kijana wa miaka 20 anayeuachia kwa pesa ya nauli ya kurudi nyumbani, anaachia kitu ambacho wajukuu zake wangekikuta.

Santuri: singo kama bidhaa

Tuanze na zama za santuri. Tanga ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mji wa bandari na mkonge. Mashamba ya Muheza na Korogwe, hadi miguuni pa milima hii yetu ya Usambara, yaliwavuta vibarua kutoka Tabora, Kigoma na kusini mwa nchi. Watu hao walikuja na ngoma zao, wakakuta magitaa, na Jumamosi jioni walitaka mahali pa kuyatumia. Bendi ya Jamhuri Jazz, ambayo mtu yeyote wa umri wangu hapa ataikumbuka, ilianzia humo. Kabla ya kuitwa Jamhuri iliitwa Young Nyamwezi. Pembeni yake ilikuwapo Atomic Jazz, na kwenye taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la besi na mwendo wa kuchezeka katika muziki ambao kwingineko ulisikilizwa kwa kukaa kitini.

Watu wa huku milimani waliwasikia wote hao kwa redio ya betri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikirekodi bendi za mikoani na kuzirusha, na mwaka 1973 ilipoacha kupiga muziki wa nje, nyimbo za nyumbani zilipata nafasi kubwa zaidi. Bendi ilijulikana huku Mlalo na kule Bukoba kwa siku moja. Lakini kanda ile ilirekodiwa kwa ajili ya matangazo. Hukuweza kuinunua dukani. Ilipigwa, ikarudi kabatini.

Aliyetaka kuwa na singo ya kuuza ilimbidi aende Nairobi, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nawaeleza vijana jinsi kazi ile ilivyokwenda, maana ninyi mmezaliwa kwenye simu. Bendi nzima ilisimama katika chumba kimoja ikapiga pamoja. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Sauti ikaingia kwenye kanda, ikatoka kwenye kanda ikachongwa kwenye sahani laini kwa sindano, sahani ile ikatolewa mhuri wa chuma, na mhuri ndio uliogandamiza plastiki ya moto kuwa santuri. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande. Wanamuziki wa dansi wa Afrika Mashariki, waliozoea kupiga wimbo robo saa ukumbini, walilazimika kuukata mara mbili: upande wa kwanza maneno na habari yenyewe, upande wa pili magitaa yanachemka na watu wanacheza. Kwa hiyo mpangilio wa nyimbo zile mnaoupenda, utaratibu mwanzoni na moto mwishoni, ulifinyangwa kwa kiasi kikubwa na kipande cha plastiki cha inchi 7.

Singo hapo ilikuwa bidhaa. Ilikuwa na bei, ilikaa kwenye rafu, iliingia kwenye jukiboksi. Mwenye mhuri ndiye aliyejua zimechapwa ngapi. Wanamuziki wengi wa zama hizo walipokea malipo ya mara moja, wakarudi nyumbani na nakala chache za kuwaonyesha jamaa, basi.

Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliliona jambo hili mapema wakaamua kuhamia kule ambako santuri zilikuwa zinachapwa. Waliwahi kupiga na Jamhuri Jazz, wakapanda Arusha wakapiga na Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Mombasa. Huko wakaanzisha Simba Wanyika, na baadaye wakaweka makao Nairobi. Kiswahili chao kilikuwa cha Tanga, na Wakenya wakakipenda.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Bendi za Tanzania zikatenganishwa na viwanda vya Nairobi. Waliokuwa upande ule walibaki kulekule, na mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitoa Simba Wanyika: Omar Shabani wa gitaa la rithim, Tommy Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu na wengine. Wakajiita Les Wanyika, na John Ngereza akaungana nao. Mwaka 1979 wakatoa "Sina Makosa", utunzi wa Omar Shabani.

Nawaomba mkifika nyumbani muusikilize tena wimbo ule kwa masikio ya fundi. Besi ya Malanga haijazi nafasi; inaacha mapengo, na mapengo ndiyo yanayokutikisa bega. Gitaa la rithim linarudia jambo lilelile bila kuchoka. Mwimbaji anajitetea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzungumza na wazee na sasa anazungumza na ulimwengu. Hapana kelele. Zaidi ya miaka 40 imepita, na hakuna ukumbi kati ya Lushoto na Kisumu ambao wimbo huo ukipigwa watu watabaki kwenye viti. Hiyo ndiyo singo ya dansi iliyokamilika, na mikono mingi iliyoitengeneza ilikuwa ya Watanzania waliokuwa hawana pa kuitolea kwao.

Kanda: singo kama tangazo

Zama ya pili ni ya kanda na redio binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, Clouds FM ikaja mwaka 1999, na muziki wa kizazi kipya ukapata mlango. Studio nazo zikabadilika: bendi haikuhitajika tena chumbani. Prodyuza alichapa biti kwenye kompyuta, msanii akaingiza sauti, kazi ikaisha usiku mmoja.

Hapa singo ilibadilika tabia. Haikuuzwa. Msanii aliichoma kwenye sidii akaipeleka redioni bure, akaomba ipigwe, na ikishapigwa ndipo msambazaji wa Kariakoo alipomwita kununua albamu. Pesa ilikuwa kwenye kanda yenye nyimbo 8 au 10. Singo ilikuwa tangazo la kanda hiyo. Kijana aliyetoka mkoani alijikuta anagharimia tangazo kwa pesa yake na kuiuza bidhaa kwa bei ya mtu mwingine. Msambazaji alinunua albamu kwa mkupuo, akadurufu kanda. Ngapi? Hesabu alikuwa nayo yeye. Na huku mitaani lilikuwepo duka la kurekodi kanda, unapeleka orodha ya nyimbo uzipendazo wanakurekodia, na msanii hana habari.

Mkoa wetu uliingia zama hiyo kwa kishindo. Wagosi wa Kaya, yaani Mkoloni na Dokta John, walikuja na lafudhi ya Tanga, utani wa Tanga na malalamiko ya Tanga. "Wauguzi" ulihoji jinsi wagonjwa wanavyopokelewa hospitalini. "Tanga Kunani" uliuliza mji wa viwanda na bandari umepatwa na nini. Wakati vijana wengi walikuwa wanajilazimisha kuongea kama watu wa Dar es Salaam, au kama watu wa Marekani, hawa wawili waliongea kama watu wanaouza machungwa Muheza, na nchi nzima ikawasikiliza.

Nalitaja hilo kwa sababu wapo kati yenu wanaodhani kwamba ili wimbo uchezwe mbali lazima uwe umefutwa harufu ya ulikotoka. Rekodi za mkoa huu zinasema vingine. Simba Wanyika walishinda kwa Kiswahili cha Tanga. Wagosi wa Kaya walishinda kwa lafudhi ya Tanga. Kilichokuwa kinapungua hakikuwa lugha wala ladha; kilikuwa umiliki.

Romania wapi na Usambara wapi?

Sasa nivuke bahari kidogo, mnivumilie. Mtasema Romania wapi na Usambara wapi. Nimeichagua kwa sababu ni nchi ambayo lugha yake, ukiiondoa nchi yake yenyewe na jirani yake Moldova, haizungumzwi na wengi. Kiswahili kina wasemaji wengi zaidi kuliko Kiromania. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa karne hii, singo za dansi kutoka huko zimechezwa duniani kote, hadi kwenye mabasi ya kutoka Tanga kuja Mombo.

Mfano wa kwanza ni "Dragostea din tei" wa kundi la O-Zone. Vijana watatu wa Moldova walihamia Bucharest, mji mkuu wa Romania, kama vile Kinyonga na nduguye walivyohamia Nairobi, na kwa sababu ileile: huko ndiko nyimbo zilikokuwa zinatoka. Mtunzi ni mmoja wao, Dan Balan. Wimbo ulitoka mwaka 2003, ukaimbwa kwa Kiromania mwanzo hadi mwisho. Kisha ikatokea mkasa. Mwimbaji mwingine wa Romania, anayejulikana kwa jina la Haiducii, akaurekodi upya na kuutoa Italia kabla wenyewe hawajafika. Wasikilizaji wa Italia walimjua yeye kwanza. Baadaye toleo la O-Zone likasambaa na mwaka 2004 likashika namba moja Ujerumani na Ufaransa. Mwaka 2008 msanii wa Marekani T.I., akishirikiana na Rihanna, akajenga "Live Your Life" juu ya melodi hiyohiyo, nayo ikashika namba moja Marekani.

Tazameni sasa kilichotokea kwenye karatasi. Haiducii aliporekodi, rekodi ilikuwa mpya, utunzi ukabaki wa Balan. T.I. alipotumia melodi, jina la Balan liliandikwa miongoni mwa watunzi. Wimbo ulipita mikono mitatu na mabara mawili, na kila ulipopita uliacha alama ya mwenyewe. Je, angekuwa mtunzi wa Tanga aliyepokea bahasha Nairobi akatia saini kitu asichokisoma, alama hiyo ingebaki?

Mfano wa pili ni "Mr. Saxobeat" wa Alexandra Stan, uliotamba mwaka 2011. Huu haukutoka mji mkuu. Ulitengenezwa Constanța, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, katika studio iitwayo Maan, na Marcel Prodan akishirikiana na Andrei Nemirschi. Wimbo wenyewe ni mwepesi: mdundo wa haraka, sauti ya kike, maneno machache ya Kiingereza, na kipande cha saksafoni kinachofanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na kiitikio. Huhitaji kujua lugha yoyote ili ukumbuke saksafoni. Wimbo ukashika namba moja Ujerumani na Italia. Studio ya bandarini, mbali na ofisi kubwa, iliweza kufanya hivyo kwa kuwa watunzi na watayarishaji walikuwa chumba kimoja, rekodi ilikuwa mkononi mwao, na walipokwenda kuzungumza na kampuni za nje walikwenda na kitu kilichokamilika cha kukodisha.

Kuna tofauti kubwa kati ya kukodisha na kuuza. Mwenye shamba huku Lukozi anajua. Kabichi akishamuuzia mchuuzi anayeshuka nayo Dar es Salaam, imekwisha. Italiwa kesho kutwa, na bei ikipanda Kariakoo haimhusu. Wimbo haufanani na kabichi. Mtu akishausikia, bado upo, na kesho utauzwa tena kwa mwingine. Anayeuuza wimbo kama kabichi ameuza shamba akidhani ameuza mavuno.

Hesabu: singo ya leo

Zama ya tatu ndiyo hii yetu. Kanda imekufa, albamu haina haraka, na singo imerudi kuwa bidhaa, lakini bidhaa inayouzwa kwa vipande vidogo mno: mtu anausikiliza wimbo kwa YouTube, Boomplay au Spotify, na kila akisikiliza kinahesabika kitu kidogo. Singo ya leo ni hesabu.

Kwa upande wa kutengeneza, umbali wa milima umepungua sana. Kijana wa Mlalo anaweza kuchapa biti kwenye laptopu, akaituma kwa simu kwa mwimbaji aliyeko Korogwe, akarudishiwa sauti usiku huohuo. Kwa upande wa kutoa, bado kuna hatua. Wimbo unapitia kwa msambazaji wa kidijitali, unapewa namba ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo kazi yake ni kuitambulisha rekodi hiyo popote itakapochezwa. Anayejaza fomu ya msambazaji ndiye mashine itakayemtambua kuwa mwenyewe. Akiwa prodyuza amejaza jina lake, mashine haitauliza nani aliimba. Akiwa meneja amefungua akaunti ya YouTube kwa barua pepe yake, siku mtakayogombana ataondoka na watazamaji wote.

Ili mwone singo inavyovuka mipaka zama hizi, mtazameni Diamond Platnumz mwaka 2013. "Number One" ulitayarishwa Dar es Salaam na Sheddy Clever, mdundo wa kuchezeka, maneno mengi ya Kiswahili. Video ikafanywa kwa kiwango ambacho televisheni za nje zingekikubali. Kisha ikafuata rimiksi pamoja na Davido wa Nigeria, na Afrika Magharibi ikafunguka. Linganisheni na O-Zone. Wale walivukiwa na mtu mwingine aliyeurudia wimbo wao kabla hawajafika. Diamond alivuka mwenyewe, akimshika mkono mwenyeji, na jina lake likiwa mbele. Kolabo ikifanywa vizuri ni daraja. Ikifanywa bila maandishi, inakuwa mgogoro wenye mashabiki wengi.

Shauri la Ilala

Nifike kwenye shauri ambalo kila anayetunga wimbo chini ya milima hii anapaswa kulijua. Hamis Mwinjuma, mnayemfahamu zaidi kama Mwana FA, ni mtu wa Muheza, pale chini ya Usambara Mashariki. Yeye na Ambwene Yesaya, yaani AY, walifungua kesi dhidi ya kampuni ya simu ya MIC Tanzania, iliyokuwa na mtandao wa Tigo, wakidai kwamba nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", zilitumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwezi Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa ushindi na kuamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ikakata rufaa, na shauri likapanda ngazi za juu.

Sitaingia kwenye vipengele vya rufaa mbele ya wanasheria waliojaa ukumbini. Ninachotaka vijana waone ni mambo mawili. La kwanza, mahakama haikuulizwa nani ana sauti nzuri wala nani ana mashabiki wengi. Iliulizwa nani mwenye kazi na nani alimruhusu nani. Msanii asiye na ushahidi wa maandishi angesimama pale na umaarufu wake mkononi, na umaarufu haupokelewi kama kielelezo. La pili, mwito wa simu ni sekunde chache za wimbo. Wakati nyimbo zile zinatungwa, hakuna aliyekuwa anafikiria pesa itakuja kupatikana mtu akisubiri simu ipokelewe. Haki uliyonayo leo inaweza kuwa na thamani katika biashara ambayo bado haijavumbuliwa. Kwa hiyo mkataba unaosema "haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazokuja" si maneno ya kawaida ya mwanasheria. Hayo ndiyo maneno ya gharama kubwa kuliko yote kwenye karatasi hiyo.

Mwaka 2020 Mwana FA alichaguliwa kuwa mbunge wa Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Ni safari ndefu kwa mtu wa wimbo unaoitwa "Usije Mjini".

Cha kufanya hapa

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ningependa mtoke hapa na daftari, si na hamasa tu.

Daftari la kwanza ni la mgawanyo. Kabla hamjatoka studio, kabla ya soda kuisha, andikeni kwenye karatasi moja: maneno ya nani, melodi ya nani, biti ya nani, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wote watie saini, wote wapige picha karatasi ile. Mtasema ni aibu kudaiana saini na rafiki. Mnaandikiana kwa sababu ni marafiki leo. Urafiki ukishaharibika hakuna atakayesaini kitu.

La pili ni la masta. Ukilipia studio, ondoka na faili lililokamilika na pia na vipande vyake vyote, sauti peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake. Bila vipande hivyo huwezi kutengeneza rimiksi wala kumpa mtu kolabo. Na kama hukulipia, kama prodyuza ndiye aliyegharimia, basi mkubaliane wazi kwamba masta ni yake au ni ya wote wawili, kwa muda gani, na kisha itakuwaje. Prodyuza naye ana njaa na ana haki. Simtetei msanii dhidi ya prodyuza. Natetea maandishi dhidi ya mazoea.

La tatu ni la usajili. Nimesema sheria inakulinda hata usiposajili. Lakini atakayedaiwa mirabaha kwa wimbo wako redioni, hotelini au kwenye basi atalipa kwa mwenye jina kwenye orodha. COSOTA, chombo cha hakimiliki cha nchi yetu, ilianzishwa kwa sheria hiyo ya 1999. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yalitenganisha majukumu: usajili na usimamizi ukabaki kwa COSOTA, sasa ikiwa Ofisi ya Hakimiliki, na kukusanya mirabaha kukawekewa njia ya vyombo vya wenye haki wenyewe. Chombo cha wenye haki kina nguvu pale tu wenye haki wanapojiandikisha. Mwanamuziki wa Bumbuli asiye kwenye orodha anawachangia waliomo.

Na kwa viongozi wa chuo na wa halmashauri nina ombi la wazi. Mji huu una kitu ambacho miji mikubwa mingi ya muziki haina: una wanafunzi wa sheria na mahakimu wa kesho umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka kwa vijana wanaochapa biti. Alasiri moja kwa mwezi, wanafunzi wa sheria wakae na vijana hawa wawasaidie kusoma mkataba mmoja, wa kweli, mstari kwa mstari. Mwanafunzi atajifunza sheria ya hakimiliki kwa mtu mwenye shida nayo, na kijana atajifunza kusema "nipe siku mbili nisome". Hakuna bajeti inayohitajika zaidi ya viti.

Omar Shabani na wenzake waliweza kutengeneza singo isiyozeeka wakiwa mbali na kwao, mpaka ukiwa umefungwa, kwenye plastiki yenye nafasi ya dakika chache. Ninyi hamna mpaka uliofungwa, hamna foleni ya kiwandani, na wimbo wenu unaweza kusikika Bucharest kabla haujasikika Mombo. Ufundi mnao, nimewasikia. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba siku wimbo huo utakapochezwa huko, fomu itakayofunguliwa kuuliza ni wa nani itakuwa imejazwa na mtu aliyeutunga.

Sasa ni zamu ya maswali, na ningependa aanze aliyewahi kusaini mkataba bila kuusoma.